Ruhusa ya Daktari Asteria

Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji miaka ishirini na sita, na daktari namjua kwa namna anavyonyoosha mkono kuomba kifaa. Kuna anayenyakua. Kuna anayenyoosha huku anakutazama usoni, kama anakuuliza wewe ndiye umchagulie. Asteria Jilala alinyoosha mkono bila kuyatoa macho kwenye jeraha, kiganja kikasubiri kimetulia. Alikuwa na miaka ishirini na nane na ile ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Nikajisemea moyoni, huyu atafika mbali.

Hiyo ilikuwa mwaka 2012, katika hospitali moja ya ukanda wa machimbo ya Geita ambayo sitaitaja, maana ninaowasema wengine bado wako kazini pale. Mimi nimestaafu. Jina langu ni Scolastika, ila pale wote waliniita Mama Mageni, kwa jina la mwanangu wa kwanza.

Kwao Asteria ni kijiji cha wafugaji nje kidogo ya Ibadakuli, upande wa uwanja wa ndege wa Shinyanga. Aliwahi kunisimulia kwamba akiwa darasa la sita alimshona ndama wa baba yake aliyechanwa paja na waya wa uzio. Alitumia sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni. Ndama akapona. Tangu hapo wakija wazee kuulizia habari za kumwoza binti, Mzee Jilala aliwakaribisha maziwa, wakanywa, wakaondoka. Asteria akasoma mpaka akawa daktari. Aliolewa na Kalisti, mwalimu wa sekondari, wakapata watoto wawili. Kalisti alifundisha Kahama, na familia ikakaa huko Nyasubi, nyumba ya kupanga karibu na soko. Asteria alikwenda kuwaona mwisho wa mwezi, ikiwa amepewa ruhusa.

Kwenye karatasi tulikuwa na madaktari wanne. Aliyekuwa anapasua ni mmoja. Mganga Mfawidhi wetu, yaani mkuu wa hospitali, Daktari Edward, alikuwa mpasuaji hodari zamani, lakini alikwishazama kwenye vikao na taarifa, na kisu alikiacha. Wengine walikuja wakahama, wakaja wengine nao wakahama. Mama akishindwa kujifungua, anaitwa Asteria. Ngiri imejinyonga, Asteria. Duara, yaani shimo la dhahabu, likiporomoka kule machimboni, wachimbaji wakitolewa chini ya kifusi na miguu iliyosagika, ni Asteria. Kuna siku nilimlisha wali kwa kijiko akiwa amesimama, kwa sababu alikwishavaa glovu na mgonjwa wa tatu alikuwa anaingizwa. Alitafuna haraka, akasema, “Asante mama, mchuzi umezidi chumvi,” akaendelea na kazi.

Miaka sita ikapita hivyo.

Mwaka 2018 walikuja watafiti wawili wanawake, wana vishikwambi mkononi. Walikuwa wa mradi wa kuwaendeleza madaktari wanawake. Walitaka kujua kwa nini wasichana wengi wanaingia udaktari lakini wanaofika ubingwa ni wachache, na hasa ubingwa wa upasuaji. Waliongea na Asteria saa nzima. Miezi michache baadaye ikaja barua kwamba amechaguliwa. Mradi ungempa mlezi wa kitaaluma, yaani mwanamke aliyekwisha kuipita njia hiyo, wa kumsimamia na kumshauri mpaka apate nafasi ya kusomea ubingwa. Mlezi wake aliitwa Daktari Zipora, bingwa wa upasuaji aliyeko Mwanza, mama wa makamo, sauti nzito.

Waliongea kwa simu kila Alhamisi saa kumi jioni. Mtandao ulishika vizuri stoo ya mashuka, kwa hiyo Asteria aliketi juu ya furushi la mashuka safi, simu iko kwenye spika, mimi nakunja na kupanga. Siku ya kwanza Zipora alimuuliza, “Mara ya mwisho umesoma kitu kwa ajili yako mwenyewe ilikuwa lini?”

Asteria akafikiri. “Mwezi wa saba.”

“Mwezi wa saba mwaka huu?”

“Mwaka niliokuwa na mimba ya huyu mdogo.”

Zipora akacheka, kisha akampa kazi. Alimwambia afanye utafiti mdogo wake mwenyewe, maana chuoni wangetaka kuona anaweza. Asteria akachagua swali lililokuwa linamkera: madaktari wanawake waliowahi kufanya kazi katika hospitali za ukanda wetu kwa miaka kumi na mitano iliyopita, leo wako wapi?

Tulichambua majalada ya zamani, tukapiga simu. Tulipata majina kumi na tisa. Waliokuwa mabingwa ni wawili tu, na wote wawili walikuwa wamesoma kabla ya kuolewa. Watano walikuwa kwenye ofisi za mashirika, hawagusi tena mgonjwa. Wengi walikuwa palepale walipoanzia, na cheo kilekile. Na mmoja, Wema, tuliambiwa yuko Nkome, anaanika dagaa.

Tulimfuata Jumamosi. Tulimkuta mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapotia nanga, kwenye uwanja wa kuanikia, kofia ya ukindu kichwani, anawaelekeza wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa kwa mafagio.

“Shikamoo dada,” Asteria akamwamkia.

“Marahaba. Nyie ndio wa simu.” Akatutafutia ndoo mbili, akazipindua, tukaketi. Hakuonekana mtu aliyeshindwa maisha. Alikuwa amenenepa vizuri.

Asteria akamuuliza kwa nini aliacha udaktari.

“Niliomba ruhusa ya masomo mara nne,” Wema akasema. “Mara ya nne mkuu wangu aliniita ofisini. Akaniambia, Wema, wodi hii imesimama kwa sababu yako. Nikafurahi. Unanielewa? Nilirudi kazini nimefurahi. Mpaka nafika nyumbani ndipo nikagundua kwamba nimekataliwa.”

“Ukaacha?”

“Nilifanya kazi miaka mitatu mingine. Kisha siku moja nikiwa namshona mama mmoja, nikasikia ninamchukia. Yeye, aliyelala pale. Alikuwa hajanifanyia lolote. Nikaona nikiendelea nitakuja kumuumiza mtu.” Akawafokea kuku waliokuwa wanasogelea dagaa, halafu akamgeukia Asteria. “Kwenu kuna mwingine anayepasua zaidi yako?”

“Hakuna.”

“Basi hutoki, mdogo wangu.”

Alhamisi akamweleza Zipora. Zipora akasema, “Wema hakuwa na mtu wa kumsimamia. Wewe unaye. Tutatoka.”

Mwaka uliofuata alipata nafasi chuoni. Barua ya udahili aliisoma mara tatu stoo, akanipa na mimi niisome. Kilichobaki ni ruhusa ya mwajiri, na safari ya ruhusa ile ilianzia kwa Daktari Edward, aliyepaswa kuandika kwamba hospitali inaweza kubaki bila Asteria. Edward hakuandika. Hakuwa mtu mbaya, nataka niseme hivyo. Alikuwa na hospitali ya kuendesha. Alimuuliza swali moja tu: “Nani atapasua?” Asteria hakuwa na jibu. Zipora akaandika barua, mradi ukaandika barua, na nafasi ikampita.

“Sasa jibu tunalijua,” Zipora akasema. “Mtengeneze mtu wa kushika nafasi yako. Mfundishe mpaka Edward asiwe na la kuuliza.”

Bahati ikaja. Tuliletewa daktari kijana, Benjamini, mtoto wa Musoma, mchangamfu, mwepesi wa kushika mambo. Asteria akamfundisha kama anavyofundishwa mtoto wa kuzaa. Mwanzoni alisimama upande wake, amemshikia kiwiko. Baadaye akahamia ng'ambo ya meza. Baadaye akaketi kwenye kiti kule ukutani, mikono kifuani, akimwacha afanye peke yake. Ilichukua miezi minane. Siku Benjamini alipotoa pacha kwa upasuaji bila Asteria kusema neno lolote, nilimwona Asteria akifuta macho kwa kiwiko.

Mwaka 2021 akaomba tena, akapata tena. Benjamini naye aliomba, naye akapata. Sote tuliona mambo yamenyooka: mkubwa aende kwanza, mdogo asubiri zamu.

Nilikuwa nimepeleka daftari la dawa za usingizi kusainiwa, mlango wa Edward uko wazi, na Asteria amesimama mbele ya meza. Edward alikuwa ametoka kumwambia kwamba ruhusa amempa Benjamini.

“Mimi nimekaa hapa miaka tisa,” Asteria akasema. “Yeye ana miaka miwili. Na nimemfundisha mimi.”

“Najua umemfundisha. Umefanya kazi nzuri sana.”

“Basi kwa nini yeye?”

Edward akavua miwani. “Nikuambie ukweli? Benjamini ningemkatalia, kesho angeacha kazi. Yule haogopi. Lakini wewe nakujua, Asteria. Wewe huwezi kuwaacha hawa akina mama.”

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa sifa. Asteria akasema, “Haya,” akatoka. Mimi nikaweka daftari mezani, likasainiwa.

Alhamisi ile Zipora alipandisha sauti mpaka simu ikawa inakwaruza. “Acha kazi. Andika barua leo. Amekuambia mwenyewe bei yako, anajua huondoki. Ondoka.”

Barua aliandika. Niliiona. Kalisti naye alinipigia simu akiwa Nyasubi, akaniomba nimtie moyo: “Mama Mageni, mwambie aende. Watoto nitakaa nao, mbona hata sasa nakaa nao.” Mume wa namna ile si wa kila mtu. Barua ikakaa kwenye mkoba wake wiki ya kwanza, na ya pili. Kila asubuhi alikuja na nia ya kuipeleka. Kila asubuhi palikuwa na mtu mezani. Mara moja alifika mpaka mlangoni kwa Edward, mkunga akaja mbio kutoka wodi ya wazazi, kitovu cha mtoto kimetangulia. Alikimbia naye. Nafasi ya chuo ikapita, na kikomo cha umri cha ufadhili ambao mradi ulikuwa umemtafutia kikapita pamoja nayo.

Mwaka uliofuata mradi ukafungwa, maana miaka yake iliisha. Walituletea nakala ya ripoti, karatasi nzuri yenye kung'aa. Wale wanawake kumi na tisa wa Asteria walikuwa mstari mmoja katika jedwali. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mapendekezo, na la kwanza lilisema madaktari wanawake wajengewe uwezo wa kujiamini. Asteria akalisoma kwa sauti, akaniuliza, “Mama, hivi mimi nilikosa kujiamini?” Akaiweka ripoti chini ya redio ya chumba cha mapumziko, ambayo ilikuwa inayumba.

Zipora peke yake hakuacha kupiga. Alisema ulezi wake haukuwa wa mradi.

Lakini Asteria alikuwa amebadilika, na sasa nafika kwenye jambo ambalo nikilikumbuka bado linanikosesha raha.

Mwishoni mwa mwaka 2022 tuliletewa daktari mwingine, msichana wa miaka ishirini na sita, Nelly. Alikuwa mwembamba, mwenye maswali mengi. Wiki ya kwanza tu akaniomba nimfunge gauni la upasuaji aingie na Asteria. Asteria akamwambia hapana, aende wodini. Wiki ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu Nelly akamfuata stoo ya mashuka.

“Dada Asteria, naomba unifundishe upasuaji wa uzazi. Nimekuja huku kwa ajili yako. Hata chuoni wanakutaja.”

“Sikufundishi.”

“Kwa nini?”

“Kaa, nikuambie. Ukijua kupasua hapa, hutoki hapa. Omba masomo sasa, kabla hawajajua mikono yako ina nini. Ukisha kuwa bingwa utapasua mpaka uchoke.”

“Na kipindi hiki je? Akija mgonjwa na wewe haupo?”

“Mimi nipo,” Asteria akasema. “Lini umeona sipo?”

Nelly akanitazama mimi, mtu mzima, aone nitasema nini. Nilinyamaza kwa sababu niliona Asteria ana haki. Nilikuwa nimemlisha kwa kijiko, nimesikia yaliyosemwa ofisini kwa Edward. Nikaona huyu mtoto anaokolewa.

Mwezi wa tatu mwaka 2023, Jumatatu, Kalisti alipiga simu kwamba mtoto wao mdogo amelazwa Kahama, homa imempanda mpaka amepata degedege. Edward alimpa Asteria siku tatu. Nilimsindikiza stendi mwenyewe.

Jumanne saa tatu asubuhi akaletwa Hosiana. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza, mke wa mchimbaji. Walimleta kwa bodaboda, ameketi katikati ya dereva na mama mkwe wake. Uchungu ulimwanza usiku wa kuamkia siku ile, kwa hiyo hakuchelewa sana. Nelly akampima, akatoka mbio kuja kwangu.

“Mtoto amekwama. Nyonga haimpitishi. Anahitaji kupasuliwa sasa hivi.”

Tulikwenda pamoja kwa Edward. Nelly akamwomba Edward apasue yeye mwenyewe; mtoa dawa ya usingizi alikuwapo, vifaa vilikuwapo, damu chupa mbili zilikuwapo. Edward aliinuka kitini kabisa. Akaangalia mikono yake. Kisha akaketi.

“Miaka kumi na miwili sijapasua, Nelly,” akasema. “Nitamuua. Andaa rufaa.”

Gari la wagonjwa liliondoka saa nne kasorobo. Nelly alipanda nyuma pamoja na mgonjwa na mama mkwe. Mvua ya siku mbili ilikuwa imekula barabara, na kuna mahali gari lilisimama nusu saa likingoja lori lililonasa livutwe. Hapohapo, Nelly alinieleza baadaye, Hosiana alinyamaza ghafla. Alikuwa analia kwa maumivu muda wote, kisha maumivu yakaisha, akasema amepata nafuu. Nelly alijua maana yake. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Walimfikisha hospitali ya rufaa saa sita na robo, na aliyepokelewa pale alikuwa maiti, yeye na mtoto wake tumboni.

Mimi ndiye niliyempigia Asteria. Alikuwa wodini Kahama, nasikia watoto wanalia nyuma yake.

“Alifika saa ngapi hapo?” akauliza.

“Saa tatu.”

“Ningemtoa saa nne.”

“Ndiyo, mwanangu.”

Akakata simu. Kesho yake mtoto wake alipoanza kunywa uji, akarudi, ingawa alikuwa na siku moja bado. Nelly alikuwa chumba cha mapumziko, amekunja miguu juu ya kiti. Hakumwamkia.

“Nilikuomba mara tatu,” Nelly akasema.

“Najua.”

“Ningeweza. Upasuaji ule mtu anajifunza kwa miezi michache, si ndiyo? Ningekuwa naujua nusu, angalau nusu. Mimi nilikuwa nimekaa naye, dada. Ameshika mkono wangu. Ananiuliza mimi kama daktari, tunafika saa ngapi.”

Asteria akavuta kiti, akaketi mbele yake. Hakujitetea. Nikawaacha.

Mama mjamzito akifa, hospitali huitisha kikao cha kujadili kifo chake, kisha fomu hujazwa na kupelekwa juu. Tulikuwa watu saba mezani. Edward alisoma alichoandika mbele ya sehemu ya chanzo: mgonjwa kuchelewa kufika hospitali, na ubovu wa barabara.

“Hakuchelewa,” Asteria akasema. “Tuandike ukweli. Daktari Nelly aliniomba nimfundishe kupasua. Nilikataa kwa makusudi. Ningemfundisha, Hosiana angekuwa hai. Andikeni jina langu.”

Edward akaweka kalamu chini, akasema kwa ile sauti yake ya upole, “Daktari, umechoka. Na fomu hii haina sehemu ya kuandika jambo kama hilo.”

“Basi andika na la pili. Andika kwamba kwa miaka kumi na moja hospitali hii imemtegemea mtu mmoja kupasua, na kila alipotaka kwenda kusoma alikatazwa kwa sababu yuko mmoja.”

“Hilo nalo halina sehemu,” Edward akasema. Nilimtazama vizuri. Alikuwa amezeeka siku zile chache. Fomu ikaenda kama ilivyokuwa.

Wiki mbili baadaye mama mkwe wa Hosiana alikuja kufuata karatasi za kifo. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, akaketi kwenye benchi la korido akisubiri atakayemwelewa. Asteria akatoka wodini, akamwona, akamwendea, akapiga magoti kidogo kama binti anavyomwamkia mkubwa. Akaongea naye Kisukuma. Mimi pia ni Msukuma, nilisikia yote. Alimweleza kila kitu: kwamba siku ile alikuwa kwa mtoto wake mgonjwa, kwamba kulikuwa na daktari kijana aliyetaka kujifunza, kwamba yeye ndiye aliyemzuia, na sababu yake. Hakupunguza.

Yule mama alimsikiliza huku anazungusha pete yake ya shaba kidoleni. Sijui alielewa kiasi gani cha habari za vyuo na ruhusa. Asteria alipomaliza, yule mama akamuuliza, “Na mtoto wako, alipona?”

“Alipona, mayu,” Asteria akasema, yaani mama.

“Wabeja,” mama akasema, ndiyo asante ya Kisukuma. “Afadhali huyo.” Akachukua karatasi zake, akazifunga kwenye ncha ya khanga, akaondoka kutafuta bodaboda.

Asteria aliingia stoo ya mashuka akajifungia. Nilisikia analia, mlio wa chini, wa mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Hakuwahi kulia hivyo alipokataliwa ruhusa, hata mara moja.

Jumatatu iliyofuata alianza kumfundisha Nelly. Alimfundisha kwa haraka na kwa ukali, si kama alivyomfundisha Benjamini. Hapakuwa na utani mezani. Ndani ya miezi mitano Nelly alikuwa anapasua peke yake, na anapasua vizuri. Kwa hesabu yangu, mpaka nastaafu alikuwa amewatoa akina mama zaidi ya mia wakiwa hai, na ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka jana Nelly alipata nafasi ya kusomea ubingwa wa wanawake na uzazi. Edward alikuwa amehamishwa, kuna Mganga Mfawidhi mwingine, mwanamke, tena mmoja wa wale kumi na tisa wa utafiti wa Asteria. Tulidhani huyu ataelewa. Alimwita Nelly, akampa chai, akamwambia hospitali imezidiwa, na kwamba akimruhusu Nelly, hospitali itabaki na Asteria peke yake, na Asteria siku hizi mgongo unamsumbua. Asubiri mwaka mmoja.

Asteria alikwenda kumsemea. Alirudi bila kitu. Nelly hakumshukuru.

Daktari Zipora alikuwa bado anapiga simu. Nilikuwapo Alhamisi moja, karibu na kustaafu kwangu, simu ikaita juu ya mashuka mpaka ikanyamaza, Asteria anaitazama. Nikamuuliza kwa nini hapokei. Akasema Zipora ni mtu mwema na kila akiongea naye anamwambia bado kuna njia. “Na mimi sina nguvu ya kumbishia, mama.” Baada ya muda Zipora naye akapunguza, ikawa sikukuu kwa sikukuu.

Mwezi uliopita nilipita hospitali kufuata dawa zangu za presha. Asteria ana miaka arobaini na moja, nywele za mbele zimeshika mvi. Watoto wamehamia Shinyanga na baba yao, ambaye amepewa shule huko, kwa hiyo safari ya mwisho wa mwezi imekuwa ndefu zaidi na mara nyingine haifanyiki. Tuliketi benchi la nje, jua la asubuhi. Nikamuuliza, nikiwa kama mzazi wake sasa na si mtumishi mwenzake, kama hafikirii kuacha tu, akapumzike.

“Zamani nilijua kwa nini sikuondoka,” akasema. “Nilikuwa nasema ni kwa ajili ya wagonjwa. Sasa nikiangalia, nahisi nimebaki kwa ajili ya yule mmoja, Hosiana, na yeye hayupo. Kwa hiyo sijui niko hapa kwa ajili ya nani.”

Nikamshika bega. Maneno yote ya kutia moyo alikwishayasikia kwenye simu, miaka mingi, kwa mtu anayeyajua kuliko mimi.

Muuguzi kijana ambaye simfahamu akatokea mlangoni, akasema wodi ya wazazi wameleta mtu, Daktari Nelly yuko mezani na mwingine. Asteria akaniaga, akajishika kiuno ili kuinuka, akaenda kunawa.